Mteja wa aina gani hurejesha mkopo? Jibu kwa mkuu wa kitengo cha mikopo

Swali: "Naongoza kitengo cha mikopo katika taasisi ndogo ya fedha inayokopesha wafanyabiashara wadogo na wakulima, wengine kwa vikundi na wengine mmoja mmoja. Uongozi umenitaka niandae fomu ya kuwapa waombaji alama kwa kuangalia jinsia, umri, elimu, hali ya ndoa, ukubwa wa familia na aina ya biashara. Tafiti nilizosoma kila moja inasema lake: hii inasema elimu inasaidia, ile inasema haina maana, hii inasema vijana ni wasumbufu, ile inakanusha. Katika takwimu zetu wenyewe, kiwango cha wanaume wanaoshindwa kulipa ni maradufu ya kile cha wanawake. Ni sifa zipi za mkopaji zinazoathiri marejesho kweli, na alama hizo nizipange vipi?"

Jibu:

Nitaanza na jibu lenyewe ili lisipotee katika maelezo. Mkopo mdogo hulipwa na vitu viwili: fedha inayofika mkononi mwa mkopaji kabla siku ya rejesho haijawadia, na uamuzi wake wa kuitanguliza taasisi yako mbele ya mahitaji na madeni mengine yanayoigombea fedha hiyo hiyo. Jinsia, umri, elimu, ndoa na idadi ya watoto haviingii moja kwa moja katika hesabu hiyo, bali huingia kwa kadiri vinavyogusa mapato yake, matumizi yake ya lazima na faida anayoiona katika kubaki mteja wako. Namna vinavyogusa hubadilika kutoka taasisi moja hadi nyingine, na hapo ndipo tafiti ulizosoma zinapoachana njia. Katika taasisi moja elimu humsaidia mfanyabiashara kutunza hesabu na kutambua mapema kwamba biashara inayumba. Katika taasisi nyingine elimu hiyo hiyo humpa kijana nafasi ya kuhama kutafuta ajira na kuliacha deni nyuma. Watafiti wawili wakipima taasisi hizo mbili, kila mmoja ataandika kweli, na matokeo yao yatapingana.

Nianze na hilo la wanaume, kwa kuwa ndilo linaloweza kukupotosha kwa haraka zaidi. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, kwamba taasisi ina wakopaji 1,000, wanawake 800 na wanaume 200. Wanawake 700 wamechukua mikopo midogo na 100 mikopo mikubwa, ilhali wanaume 50 wamechukua mikopo midogo na 150 mikopo mikubwa. Tuseme pia kwamba katika mikopo midogo asilimia 4 hushindikana, mkopaji awe mwanamke au mwanamume, na katika mikubwa asilimia 12, vilevile kwa wote. Wanawake walioshindwa watakuwa 28 na 12, jumla 40, yaani asilimia 5 ya wanawake wote. Wanaume watakuwa 2 na 18, jumla 20, yaani asilimia 10. Ripoti ya mwezi itasema wanaume ni hatari maradufu, na hakuna atakayeipinga kwa sababu hesabu ni sahihi, lakini ndani ya kila aina ya mkopo hakuna tofauti hata kidogo kati ya mwanamke na mwanamume. Kilichotofautiana ni ukubwa wa mkopo na nani aliyepewa mkopo wa ukubwa gani, na huo ni uamuzi wa taasisi, si sifa ya mkopaji.

Sidai kwamba hivyo ndivyo ilivyo kwenu. Ninachokuomba ni kwamba, kabla hujaandika jinsia kwenye fomu, uyagawe madeni yaliyochelewa kwa ukubwa wa mkopo, muda wake, aina ya biashara, tawi na afisa aliyeutoa, kisha utazame kama pengo la wanaume na wanawake bado lipo. Mara nyingi litakuwa limepungua sana. Linaweza pia lisiishe, maana ushahidi wa jumla kuhusu wanawake si wa kupuuzwa: Bert D'Espallier, Isabelle Guérin na Roy Mersland, katika utafiti wao wa 2011 uliopitia taarifa za taasisi 350 kutoka nchi 70, walikuta kwamba taasisi zenye wateja wengi wanawake huwa na mikopo michache iliyochelewa na michache inayofutwa vitabuni.

Hata hivyo, kujua kwamba wanawake hulipa vizuri si kujua kwa nini wanalipa, na kwa mtu anayepanga sera ya mikopo swali la pili ndilo lenye uzito. Mahali pengi mwanamke ana milango michache ya kukopa, kwa hiyo kuupoteza mlango wenu kunamgharimu zaidi. Mara nyingi biashara yake iko karibu na nyumbani, afisa humpata kwa urahisi, na aibu ya kudaiwa mbele ya majirani humuelemea kuliko inavyomuelemea mumewe. Isitoshe, huenda fedha hakuitumia yeye. Anne Marie Goetz na Rina Sen Gupta walichapisha mwaka 1996 utafiti wa Bangladesh ulioonyesha kwamba sehemu kubwa ya mikopo iliyoandikwa kwa majina ya wanawake ilikuwa chini ya mamlaka ya wanaume wa familia, huku jukumu la kulipa likibaki kwa mwanamke. Mkopo wa namna hiyo unaweza kuonekana safi katika vitabu vyenu kwa mwaka mzima, kumbe unalipwa kwa kupunguza mahitaji ya nyumbani. Mkiongeza alama kwa sababu tu mwombaji ni mwanamke, mtakuwa mnaipa alama aibu yake, na siku atakaposhindwa kuibeba mtashangaa mteja mzuri ameharibikaje ghafla.

Kuna mtego mwingine katika takwimu zenu, na huu watu wengi wa fani yetu huupita bila kuuona. Vitabu vyenu vina watu mliowakubali tu. Afisa mikopo anayekutana na mwombaji asiye na dhamana hamkubali bila sababu. Humkubali kwa kuwa ameona jambo jingine la kumtuliza, kama vile biashara iliyodumu, mdhamini anayeaminika, au mume mwenye mshahara. Matokeo yake, wakopaji wasio na dhamana waliomo vitabuni ni wale waliokuwa na nguvu upande mwingine, na ukipima uhusiano wa dhamana na marejesho utakuta dhamana haina maana yoyote. Mtu akiisoma takwimu hiyo na kuamua kuacha kuuliza dhamana, ataingiza kundi ambalo halikuwahi kuwamo katika vipimo vyake, na marejesho yatashuka. Sifa iliyotumika kuchuja hufifia katika takwimu za waliochujwa, na kadiri maafisa wenu wanavyoitumia kwa makini ndivyo inavyoonekana haina kazi. Tafiti kadhaa zinazotangaza kwamba sifa fulani "haiathiri marejesho" zimeangukia hapa.

Umri, ndoa na ukubwa wa familia nitavipita haraka kwa kuwa havistahili nafasi vinayopewa. Mkopaji kijana sana mara nyingi hana mizizi mahali alipo wala biashara iliyopita misimu mibaya, na mzee sana yuko karibu na maradhi, lakini miaka ambayo mtu ameifanya biashara ileile mahali palepale inakuambia mambo hayo vizuri kuliko tarehe yake ya kuzaliwa. Hali ya ndoa haina msaada mpaka ujue kama mwenza anaingiza fedha au anazitumia. Familia kubwa yaweza kuwa mzigo au nguvukazi: nyumba ya watu wanane wenye wanne wanaofanya kazi ina nafuu kuliko nyumba ya watu wanne inayomtegemea mmoja. Kwa hiyo usiulize idadi ya watoto, uliza ni wangapi wanaoingiza fedha na wangapi wanaowategemea, na hasa kama yupo yeyote mwenye kipato kisichotegemea biashara inayokopewa. Swali hilo la mwisho ni miongoni mwa machache ninayoyathamini kuliko karibu yote mengine, kwa sababu biashara ikisimama kwa wiki mbili, kipato hicho ndicho kitakacholipa rejesho.

Sasa tuingie kwenye fedha yenyewe. Chukua mfanyabiashara wa nguo ambaye afisa wako amemtembelea na kukaa naye kwa saa nzima, daftari la mauzo likiwa limefunguliwa katikati yao. Mauzo ni mazuri na mteja ana sifa zote za fomu: ni mama wa makamo, ameolewa, amesoma hadi sekondari na ana miaka sita sokoni. Afisa akimuongoza kwa utulivu, hesabu inatoka hivi: kwa kila 100 anayouza kwa wiki, 78 zinarudi kununua bidhaa, 5 zinakwenda kwenye pango na usafiri, na 11 zinatumika nyumbani. Zinazobaki ni 6. Rejesho la kila wiki katika mkopo anaouomba ni 9. Fomu ya alama itampitisha bila shaka yoyote, ilhali hesabu ya kutoa na kujumlisha inasema mkopo huu hautalipika kama mauzo hayatapanda kwa nusu nzima, tukichukulia kwamba pango, usafiri na matumizi ya nyumbani vitapanda sambamba na mauzo.

Hapo kwenye "nusu nzima" simama kidogo, maana hesabu ya kweli ina unafuu fulani. Kama matumizi ya nyumbani, pango na usafiri havipandi, basi kila 100 ya ziada huacha 22 badala ya 6, na mauzo yakipanda kwa takriban asilimia 14 pengo la 3 linazibika. Afisa mzuri anajua tofauti hiyo na atauliza maswali mawili zaidi: bidhaa zitakazoongezeka zitauzwa kwa nani, na je, zitauzwa kwa bei ileile au itabidi ashushe ili zitoke? Majibu ya maswali hayo yana thamani kubwa kuliko cheti cha sekondari, na hakuna hata moja linalopatikana ofisini.

Jambo jingine la kuangalia katika mfano huu ni kwamba, hata pengo lisipozibika, mama yule atalipa wiki za mwanzo bila kuchelewa, kwa sababu atakuwa analipa kwa fedha ya mkopo wenyewe iliyobaki mkononi. Ucheleweshaji utaanza katikati ya mkopo au baadaye. Taasisi inayopima ubora wa wateja kwa marejesho ya miezi miwili ya kwanza hupima kiasi cha mtaji kilichobaki mkononi na kukiita nidhamu. Unapochambua takwimu zenu, fuatilia kila kundi la mikopo kuanzia mwezi ilipotolewa hadi ilipofungwa, wala usichanganye mikopo michanga na iliyokomaa katika asilimia moja. Taasisi inayokua haraka huwa na mikopo michanga mingi, na kipimo maarufu cha salio la mikopo iliyochelewa zaidi ya siku 30 huonekana kizuri kwa sababu hiyo tu.

Kwa wakulima suala ni wakati zaidi ya kiasi. Mkulima anayeuza mara moja au mbili kwa mwaka, ukimpa ratiba ya kulipa kila wiki, hulipwi tena kwa mazao yake. Unalipwa kwa vibarua vyake, mifugo yake midogo au deni alilochukua kwingine. Akishindwa, ripoti itaandika kwamba "wakulima ni hatari", na mwakani mtawapunguzia alama. Hatari hiyo imetengenezwa na ratiba. Lakini sipendi pia dhana rahisi kwamba kulegeza ratiba hakuna gharama. Jijini Kolkata nchini India, Erica Field, Rohini Pande, John Papp na Natalia Rigol, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, waliwapa baadhi ya wakopaji miezi miwili kabla ya rejesho la kwanza badala ya wiki mbili zilizozoeleka. Waliopewa nafasi hiyo waliwekeza zaidi katika biashara na baadaye faida zao zilikuwa kubwa zaidi, lakini pia walioshindwa kulipa waliongezeka. Watu walewale, waliogawanywa kwa bahati nasibu, walitoa viwango tofauti vya marejesho kwa sababu ya sharti moja la mkataba. Ukiona tofauti ya namna hiyo kati ya matawi yenu mawili, uliza kwanza kama yana masharti sawa, kisha ndipo uulize kuhusu wateja.

Sifa ya mkopaji ambayo ningeipa uzito mkubwa, na ambayo sikuiona katika orodha mliyopewa, ni idadi ya madeni aliyonayo siku anapoomba. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na mkopaji mwenye madeni matatu anaiishi methali hiyo kila wiki: anakopa huku kulipa kule, na kwa muda mrefu haonekani na tatizo. Rekodi yake kwenu ni safi, kwa sababu mkopo wa taasisi nyingine ndio unaoisafisha. Siku mkopeshaji mmoja akifunga mlango, madeni yote yanaanguka pamoja. Kama mahali mlipo kuna kanzidata ya taarifa za wakopaji, itumieni kwa kila mkopo, hata mdogo, na bado muulizeni mteja, maana madeni ya watu binafsi, ya vikundi vya kuweka na kukopa na ya bidhaa alizochukua kwa mali kauli hayamo humo. Swali "una deni lingine?" huleta jibu la "hapana". Swali "wiki hii unapeleka fedha wapi na wapi, siku gani?" huleta jibu la kweli mara nyingi zaidi, hasa likiulizwa wakati wa kupanga ratiba ya marejesho na si wakati wa kuhoji.

Baada ya madeni inakuja historia ya marejesho. Mteja aliyefunga mikopo miwili bila kuchelewa ametoa ushahidi ambao hakuna sifa ya kuzaliwa nayo inayoufikia. Thamani ya historia, hata hivyo, iko pande zote mbili: inawasaidia nyinyi kumjua, na inamsaidia yeye kuona kwamba kulipa kuna faida kesho. Dean Karlan na Jonathan Zinman, katika jaribio lao na mkopeshaji mmoja wa Afrika Kusini lililochapishwa mwaka 2009, waliona kwamba wakopaji walioahidiwa riba nafuu kwa mikopo ijayo, kwa sharti la kulipa vizuri, walishindwa kulipa kwa kiwango kidogo kuliko waliokuwa na masharti yaleyale bila ahadi hiyo. Nchini Malawi, Xavier Giné, Jessica Goldberg na Dean Yang walichukua alama za vidole za baadhi ya wakulima wa paprika waliokuwa wakikopa, ili mtu akiliacha deni asiweze kurudi kwa jina jingine. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2012, wakulima ambao sifa zao zilionyesha hatari kubwa zaidi walikopa kiasi kidogo na kulipa vizuri zaidi sana, na wale wa hatari ndogo hawakubadilika. Hebu litafakari hilo unapopanga alama zako: sehemu ya tabia iliyodhaniwa kuwa ya "wakopaji wabaya" ilibadilika mara tu walipojua kwamba watatambuliwa msimu ujao.

Kuhusu vikundi, mengi yaliyoenea yalitokana na Bangladesh, ambako Muhammad Yunus alianza kukopesha wanakijiji wa Jobra mwaka 1976 na Grameen Bank ikasimama kama benki mwaka 1983 ikitumia vikundi vya watu watano. Watu wengi walichukua kutoka huko fundisho kwamba wanaofahamiana wakidhaminiana hulipa. Fundisho hilo lina ukweli nusu. Karlan, akichunguza wakopaji wa Ayacucho nchini Peru katika utafiti wa 2007, alikuta kwamba vikundi vyenye watu wanaoishi karibu na wanaofanana kitamaduni vililipa vizuri zaidi. Mwaka huohuo Christian Ahlin na Robert Townsend walichapisha matokeo ya Thailand yanayoonyesha kwamba vikundi vyenye mafungamano mazito, hasa ya kindugu, vilikuwa na marejesho mabaya zaidi. Sioni mgongano hapo. Jirani anaona duka lako likifungwa na anaweza kukubana. Ndugu naye anaona, lakini hawezi kukupeleka kwa mtendaji wala kukunyima mkopo unaofuata bila kuvunja undugu. Kwa hiyo, katika mikopo ya vikundi, ningeongeza alama kwa watu wanaoonana kila siku na wenye biashara tofauti, na ningepunguza pale watatu kati ya watano wanapotoka nyumba moja. Biashara tofauti ni muhimu kwa sababu wauzaji watano wa bidhaa moja hupatwa na hasara siku moja, na hapo hakuna wa kumbeba mwenzake.

Tena, msidhani kwamba dhamana ya kikundi peke yake ndiyo inayoshika marejesho. Giné na Karlan waliripoti mwaka 2014 jaribio la Ufilipino ambamo vikundi vilivyokuwa na dhamana ya pamoja vilibadilishwa kila mtu awajibike kwa deni lake, mikutano ikiendelea kama kawaida, na marejesho hayakushuka. Kukutana, kuonana na afisa yuleyule na kulipa hadharani kunaonekana kufanya kazi kubwa hata bila kumlipisha mtu deni la mwenzake.

Inabaki sababu kubwa ambayo fomu yoyote ya maombi haiwezi kuiona, nayo ni misiba ya maisha baada ya mkopo kutolewa: ugonjwa, kifo cha mwenye kipato, moto, wizi, mvua zilizokosekana. Ukiwauliza maafisa wako kwa nini wateja wao waliokuwa wazuri waliharibika, utasikia visa vya hospitali mara nyingi kuliko visa vya ujanja. Msiba hautabiriki kwa mtu mmoja mmoja, lakini uwezo wa kuuhimili unaonekana mapema: akiba, kipato cha pili ndani ya nyumba, bima ya afya pale ilipo, na pengo kati ya ziada ya biashara na rejesho. Mteja anayebakiwa na 12 na kulipa 9 ataugua wiki moja na kuendelea. Anayebakiwa na 9 na kulipa 9 hana ruhusa ya kuugua, na hakuna mtu asiyeugua. Ndiyo sababu napendelea mkopo ulio chini kidogo ya uwezo unaoonekana, hata mteja akinung'unika.

Nitaje pia tukio moja ambalo kila anayejenga mfumo wa alama anapaswa kulijua. Katika jimbo la Andhra Pradesh nchini India, taasisi za mikopo midogo zilikuwa na marejesho ya juu sana hadi mwaka 2010. Zilikuwa zimekua kwa kasi, zikiwakopesha watu walewale mikopo juu ya mikopo, na taarifa za wakopaji waliojiua kwa sababu ya madeni zilienea. Oktoba ya mwaka huo serikali ya jimbo ilitoa amri kali ya kudhibiti ukusanyaji wa madeni, na katika muda mfupi wakopaji wengi mno waliacha kulipa. Hakuna aliyebadilika jinsia, umri wala elimu kati ya Septemba na Desemba. Kilichobadilika ni imani ya wakopaji kwamba mkopo mwingine utakuja, na mtazamo wao juu ya haki ya mkopeshaji kudai. Namna mnavyodai, na kama wateja wanawaona ni watu wa haki, ni sehemu ya marejesho yenu, ijapokuwa haina kisanduku kwenye fomu ya mwombaji.

Basi, fomu yako. Ningeondoa jinsia na hali ya ndoa kabisa, hata kama takwimu zingebaki na pengo dogo baada ya uchambuzi niliouelekeza. Kwanza, mtu hawezi kuzirekebisha ili apate mkopo, kwa hiyo hazimfundishi chochote zaidi ya kwamba hatakiwi. Pili, zinaweza kuwaingiza kwenye ubaguzi unaokatazwa na sheria. Marekani, kwa mfano, ilipiga marufuku tangu sheria yake ya 1974 kumbagua mwombaji mkopo kwa jinsia au hali ya ndoa, na ni wajibu wenu kuangalia sheria za mahali mnapofanyia kazi kabla fomu haijaanza kutumika. Umri ningeubakiza kama sharti la uwezo wa kuingia mkataba tu. Uzito mkubwa ningeuweka kwenye ziada ya biashara ikilinganishwa na rejesho, kisha jumla ya madeni yote ikilinganishwa na mapato ya nyumba nzima, kisha historia ya marejesho, kisha kipato cha pili na akiba, na mwisho miaka ya kuwa kwenye biashara hiyohiyo mahali hapohapo. Aina ya biashara itumike kuchagua ratiba, isitumike kukata alama.

Usitegemee uzito utakaokisia mezani. Chukua mikopo yote iliyokwisha kufungwa au kufutwa katika miaka miwili au mitatu iliyopita, pamoja na ile iliyopangiwa ratiba upya, kwa kuwa hiyo nayo ilishindikana ingawa vitabu vinaionyesha hai. Amua mapema ni kuchelewa kwa siku ngapi utakakokuita kushindwa, na usibadilishe katikati. Pima kila sifa pamoja na nyingine zote, ukubwa wa mkopo na jina la afisa vikiwemo. Jina la afisa msilisahau: afisa mwenye wateja wengi kupita kiasi huonekana ana wateja wabaya, na utakuta mara nyingine tofauti kati ya maafisa wawili wa tawi moja ni kubwa kuliko tofauti yoyote kati ya wasomi na wasiosoma. Kisha jaribu alama zako kwenye mikopo ya karibuni ambayo hukuitumia kuzitengeneza, kabla mteja yeyote hajanyimwa kwa ajili yake.

Na uongozi ukikubali, tengeni kila mwezi mikopo michache, midogo, kwa waombaji walioikosa alama ya kupita kwa pointi chache tu, wachaguliwe kwa kura. Waambieni maafisa wawahudumie kama wengine wote bila kujua ni akina nani. Hiyo ndiyo njia pekee ya kuona upande wa pili wa mstari, yaani watu ambao fomu inawaita hatari na ambao msipowakopesha hamtajua kamwe kama ilisema kweli. Mikopo hiyo itawagharimu kidogo, na gharama hiyo iandikwe kwenye bajeti tangu mwanzo kama gharama ya utafiti, ili mtu asije akaitumia mwisho wa mwaka kumlaumu afisa aliyeisimamia.